Binti wa Bara Hindi na Msomaji Wake

Katika karne ya 19, huko Bengal, palikuwa na mwanamke jina lake Rashsundari Devi, aliyeozwa akiwa na umri wa miaka 12 na kuingizwa katika nyumba yenye watu wengi wa kupikiwa, ambamo kusoma kwa mwanamke kulihesabiwa kuwa aibu, na katika kauli za wazee wa zama zile, mkosi wa kumwua mume. Mwanamke huyu alichomoa ukurasa mmoja wa kitabu cha dini, akauficha jikoni, na kila alipopata faragha baina ya chungu na chungu akautoa na kuulinganisha na herufi ambazo mwanawe alikuwa akijifunza kuandika juu ya jani la mvumo, mpaka kidogo kidogo akajua kusoma. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika Amar Jiban, kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1876, nacho kimo miongoni mwa tawasifu za awali kabisa katika lugha ya Kibengali. Nimeanza naye, ijapokuwa hakuandika riwaya wala hakuwaandikia vijana, kwa sababu swali ninalotaka kulitazama lilikuwapo lote pale jikoni: binti aliyekwisha kuipata kalamu humwandikia nani?

Rafu ya vitabu ninayoizungumzia ni ile ambayo wachapaji wa Uingereza na Marekani wameitenga, hasa tangu nusu ya pili ya karne ya 20, kwa ajili ya wasomaji waliokwisha kuuacha utoto na wasioufikia bado utu uzima, umri ambao Kiswahili, kwa ukarimu wake, hakikuupa jina moja bali kadhaa, maana kigori si mwari, na mwari si mwanamwali, na kila jina lina daraja yake na adabu yake. Katika rafu hiyo zimo riwaya za mabinti wa asili ya Bara Hindi, yaani India, Pakistan, Bangladesh, Nepal na Sri Lanka, pamoja na dhuria wao waliotawanyika New York, London, Dublin, Jeddah na Kampala. Na kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, zimepata wasomaji wa namna mbili wasiofanana: binti anayejiona ndani yake, na mgeni anayetaka kuonyeshwa. Wahakiki wamezoea kusema kwamba maudhui ya riwaya hizi ni mgongano wa tamaduni mbili, ya nyumbani na ya shuleni. Kauli hiyo si uongo, walakini naiona fupi, kwa sababu mgongano huo aghalabu huwa umekwisha kuagizwa na yule mgeni kabla binti hajafungua kinywa. Na mizani ninayoiamini mimi ni nyingine, nayo ni kutazama binti anamfafanulia nani nafsi yake, na ni nani aliyemtaka ajifafanue.

Kabla rafu hiyo haijapewa jina walikuwapo waliotangulia. Attia Hosain, mzaliwa wa Lucknow aliyehamia Uingereza mwaka 1947, alichapisha mwaka 1961 riwaya iitwayo Sunlight on a Broken Column, ambayo inapoanza binti Laila ana umri wa miaka 15, yatima anayelelewa baina ya shangazi walio utawani, katika nyumba ya babu aliye mgonjwa, nyumba ya Waislamu wenye mashamba makubwa na nasaba ndefu kuliko mashamba yao. Kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya vijana. Lakini ndani yake mna jambo ambalo wengi waliofuata walilipoteza na kulitafuta tena kwa miaka mingi, nalo ni utulivu wa msimulizi asiyemwomba msomaji radhi kwa sababu ya nyumba aliyozaliwa: utawa upo, siasa ipo, mapenzi yapo, na hakuna hata kimoja kinachotandazwa kama kitu cha makumbusho.

Utulivu huo ulitoweka walipoingia uwanjani wageni wenye nia njema. Suzanne Fisher Staples, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa habari katika Asia, alitoa mwaka 1989 riwaya ya Shabanu, kisa cha binti wa wafugaji wa ngamia katika jangwa la Cholistan nchini Pakistan, ambaye hatimaye anaahidiwa kwa mtu mkubwa mwenye umri wa kumzaa, ili aila yake isalimike na ghadhabu ya wenye ardhi. Riwaya hiyo ikapata heshima ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Mwaka 2000 Gloria Whelan, Mmarekani vilevile, akatoa Homeless Bird, ambamo Koly wa miaka 13 anaozwa kwa kijana mgonjwa, anafiwa naye upesi, na baadaye anatelekezwa na mavyaa yake katika mji wa Vrindavan ulio mashuhuri kwa wajane wake. Kitabu kikatunukiwa tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani. Mwaka 2006 Patricia McCormick naye akatoa Sold, masimulizi ya vipande vifupi vifupi ya Lakshmi, binti wa milimani Nepal aliyeuzwa katika danguro la Kolkata.

Nisiwadhulumu. Staples analijua jangwa, na mtu akisoma kurasa zake za dhoruba ya mchanga hutaka kujifunika uso. Whelan naye alimpa Koly sindano na uzi, na kazi yake ya kutarizi ndiyo inayomtoa katika umaskini, wala si huruma ya mpita njia. Na biashara ya mabinti ambayo McCormick ameifichua haikuwa njozi. Walakini mfikirie mtoto wa shule katika mji mdogo wa Marekani, ambaye katika maisha yake yote hakupata kuonana na mtu wa Bara Hindi, naye akaazima vitabu hivyo vitatu katika maktaba, akavisoma mfululizo: atakuwa amekutana na mabinti watatu, na wote watatu ama wametolewa, ama wameozwa, ama wameuzwa. Kila kitabu peke yake kina ukweli ndani yake. Vikikusanywa vitatu na kukosa cha nne huwa uzushi. Tena vitabu vya namna hii vilikuwa na desturi ya kufungiwa faharasa, ambayo humweleza msomaji sari ni kitu gani, chapati ni kitu gani, na wanja hupakwa wapi. Faharasa ni adabu njema kwa mgeni, ila humjulisha binti wa Karachi au wa Leicester, hata kabla hajatia jicho katika ukurasa wa kwanza, kwamba karamu hii haikuandaliwa kwa ajili yake.

Jawabu lilipokuja kutoka ndani halikuja kwa kukana kwamba ujane na ndoa za utotoni zilikuwapo. Kashmira Sheth, mzaliwa wa Gujarat anayeishi Marekani, alichagua habari ile ile ya mjane mdogo katika riwaya yake Keeping Corner ya mwaka 2007, akaiweka Gujarat katika mwaka 1918. Leela, mtoto wa nyumba ya Kibrahmani aliyedekezwa na kuvikwa bangili mpaka viwiko, anafiwa na mume ambaye hata hajahamia kwake. Bangili zinavunjwa, kichwa kinanyolewa, na anatakiwa akae pembeni mwa nyumba mwaka mzima bila kuvuka kizingiti. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa kukaa ndani kwa ajili ya mume aliyekufa ni nini, kwa kuwa anaijua eda na siku zake, naye atapima mwenyewe tofauti iliyopo baina ya miezi minne na siku kumi za mwanamke mzima na mwaka mzima wa mtoto wa miaka 12. Lakini Sheth hakumwacha Leela aokolewe na mgeni. Anayemwokoa ni mwalimu mwanamke wa mji ule ule, anayemjia nyumbani na vitabu na magazeti, na katika magazeti hayo Leela anasoma juu ya Gandhi na wakulima wanaokataa kulipa kodi, akaanza kujiuliza kwa nini ukaidi uwe sifa kwa mkulima na uwe dhambi kwake. Desturi inashitakiwa kwa lugha ya watu wenyewe, na mahakama ni ya nyumbani. Miaka 11 baadaye, mwaka 1929, serikali ya India ilipitisha sheria iliyokataza binti kuozwa kabla ya miaka 14.

Katika vitabu vyote vya jamii hii, kimoja ambacho ningemkabidhi msomaji bila kusita ni Climbing the Stairs cha Padma Venkatraman, mzaliwa wa Chennai ambaye, kabla hajajulikana kwa riwaya, alisomea elimu ya bahari mpaka akawa daktari wake. Kilitoka mwaka 2008. Vidya ana umri wa miaka 15 mwaka 1941, anakaa Bombay, na baba yake ni tabibu anayemfuata Gandhi kwa siri na anayemwahidi bintiye kwamba atasoma chuo. Siku ya maandamano baba anapigwa na askari wa serikali ya Kiingereza, akili yake inaharibika, naye aliyekuwa nguzo ya nyumba anakuwa mtu wa kulishwa kwa mkono. Basi aila yote inahamia Madras katika nyumba ya babu, nyumba ya Kibrahmani ya namna ya kale, ambamo wanaume wanakaa juu na wanawake chini, na mke wa ami anawatawala wote waliokuja na mikono mitupu. Juu, kwenye eneo la wanaume, kuna maktaba. Vidya anapanda ngazi.

Hapo ndipo ustadi wa mwandishi unapodhihirika, kwa maana mwenye pupa angeifanya maktaba ile kuwa Ulaya na jiko lile kuwa India, akatuambia kwamba binti amepanda kutoka gizani kwenda nuruni. Venkatraman hakufanya hivyo. Anayempa Vidya ruhusa ya kusoma juu ni babu mwenyewe, mzee wa mila kuliko wote nyumbani. Na Mwingereza, ambaye katika riwaya za namna nyingine angekuwa mleta uhuru, hapa ndiye aliyemvunja baba kichwa. Tena kaka yake Vidya, mwana wa mtu aliyepigwa kwa kukataa kupiga, anakwenda kujiandikisha katika jeshi la hao hao Waingereza, kwa hoja kwamba Wajapani na Wajerumani ni shari kubwa zaidi, na nyumba nzima inagawanyika juu ya jambo ambalo halina uhusiano wowote na sari wala sinema: je, kupigana vita ni halali? Wahindi watatu wa damu moja wanatofautiana juu ya wajibu wa Mhindi, na binti aliye baina yao anawasikiliza, anasoma, na anaamua. Utamaduni ndani ya kitabu hicho ni baraza la watu wanaobishana, na binti amejipatia mahali pa kuketi. Katika A Time to Dance ya mwaka 2014 mwandishi huyo huyo alirudia fikira hiyo kwa njia ya mashairi, akamweka Veda, mchezaji wa ngoma ya Bharatanatyam aliyekatwa mguu, ajifunze upya kucheza na mguu wa bandia. Na hapo mila inaonekana waziwazi kuwa kazi ya mwili, yenye jasho na maumivu, ambayo mtu huipata kwa kuifanya.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wahindi wa Marekani wamezifanya herufi nne za mwanzo, A, B, C, D, kuwa kifupi cha dhihaka, kwa maana ya Mdesi aliyezaliwa Marekani akiwa amechanganyikiwa, na Mdesi ni mtu wa asili ya Bara Hindi kama wenyewe wanavyoitana. Tanuja Desai Hidier aliikamata dhihaka hiyo akaifanya jina la kitabu, Born Confused, kilichotoka mwaka 2002, na wengi wanakihesabu kuwa ndicho kilichofungua mlango kwa riwaya za vijana wa Kihindi wa Marekani. Dimple Lala wa New Jersey anatimiza miaka 17. Ana kamera anayoipenda kiasi cha kuipa jina, Chica Tikka. Ana rafiki mzungu, Gwyn, mzuri wa kutazamwa na watu. Na wazazi wake wamempatia kijana wa kujuana naye, mtoto wa rafiki zao, ambaye Dimple anamkataa mara moja kwa kosa moja tu la kuwa amependekezwa na wazazi. Kisha anamwona kijana yule yule, Karsh, usiku katika ukumbi wa muziki mjini New York, akipiga santuri na kuchanganya midundo ya Kipunjabi na ya Kimarekani, umati wote umo mikononi mwake. Na wakati huo huo Gwyn amekwisha kumtamani, amevaa mavazi ya Kihindi, amejitia tone katika paji la uso, na anapendeza katika vazi hilo kuliko mwenye vazi.

Nakipenda kitabu hiki ijapokuwa ni kirefu kuliko haja yake, na mahali pengine kimelewa maneno. Nakipenda kwa ajili ya kamera. Binti aliyezoea kutazamwa amepewa chombo cha kutazamia, na mchanganyiko ambao dhihaka ilidai kuwa maradhi unageuka kuwa kazi yake. Lakini kuna uchungu mmoja ambao Desai Hidier aliuona mapema kuliko wengi, nao ni ule wa binti kugundua kwamba kile alichokuwa akikionea haya shuleni, rafiki yake anaweza kukivaa Jumamosi na kukivua Jumatatu pasipo kulipa chochote.

Kitabu hicho kilitoka mwaka mmoja baada ya shambulio la Septemba 11, 2001 nchini Marekani, na baada ya tarehe hiyo aliyemtaka binti ajifafanue hakuwa tena msomaji mwenye udadisi. Alikuwa dola. Serikali ya Marekani iliwataka wanaume wasiokuwa raia wala wakazi wa kudumu, wa nchi ambazo karibu zote zilikuwa za Waislamu, Pakistan na Bangladesh zikiwamo, wajiandikishe, wapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Marina Budhos, katika Ask Me No Questions ya mwaka 2006, anamfuata Nadira wa miaka 14, ambaye wazazi wake Wabengali walikuja New York kwa ruhusa ya muda, ruhusa ikaisha, nao wakabaki kama wengi walivyobaki. Wanakimbilia mpaka wa Canada kuomba hifadhi, wanarudishwa, baba anatiwa kizuizini, na mabinti wawili wanaendesha gari peke yao kurudi mjini, wakiambiwa waende shule kama kawaida na wasimweleze mtu neno. Hakuna katika riwaya hiyo swali la kuvaa sari au suruali. Kuna karatasi, tarehe, mihuri na majina yaliyoandikwa vibaya. Katika Shine, Coconut Moon ya Neesha Meminger, iliyotoka mwaka 2009, Samar amelelewa na mama aliyejitenga na jamaa zake wa Kisingasinga, hata siku chache baada ya shambulio lile mjomba mwenye kilemba akabisha hodi mlangoni, na pamoja naye ikaingia nasaba yote. Nazi iliyo katika jina la kitabu ni tusi: kahawia kwa nje, nyeupe kwa ndani. Ni tusi ambalo mtu wa Pemba atalielewa bila mkalimani, ingawa pengine atashangaa kwamba tunda lenye tui, mafuta, kumbi na makuti limepatikana na kosa.

Mwaka 1990 mwanazuoni wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika makala mafupi ambayo tangu hapo hayajaacha kutajwa, akasema kwamba vitabu kwa mtoto ni vioo na ni madirisha: katika kioo anajiona, katika dirisha anawaona wengine, na mwanga ukiwa wa kadiri fulani dirisha lenyewe hugeuka kioo. Kiswahili kilikwisha kumkubalia zamani, kwa maana kwetu kioo ni kioo, kiwe cha kujitazamia au cha kufungia dirisha. Hesabu nazo zilikuwa zikimuunga mkono: kituo cha vitabu vya watoto katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kilipoanza kuhesabu mwaka 1985, kiliona vitabu 18 tu vya watunzi weusi katika vitabu vipatavyo 2,500 vya mwaka huo. Mwaka 2014 waandishi wakaanzisha harakati ya We Need Diverse Books, na miongoni mwa waanzilishi alikuwa Aisha Saeed, ambaye mwaka uliofuata alitoa Written in the Stars, kisa cha Naila, anayepelekwa Pakistan kana kwamba ni kutembelea jamaa, kumbe anakwenda kuozwa kwa ikrahi. Ni habari nzito, na ni ya kweli kwa wengi. Lakini kwa kuwa sasa haikuwa peke yake katika rafu, haikulazimika kubeba mzigo wa kuwasemea mabinti wote.

Haikuwa peke yake kwa sababu kicheko nacho kilikuwa kimeingia. Sheba Karim alikuwa amekwisha kumtoa Nina Khan katika Skunk Girl mwaka 2009, Mpakistani wa pekee katika shule yake, ambaye dhiki yake kubwa si ndoa bali mstari wa nywele uliomwota mgongoni. Mwaka 2017 Sandhya Menon akatoa When Dimple Met Rishi, kikapata wanunuzi wengi mno. Dimple huyu wa pili ni hodari wa programu za kompyuta, na mama yake anamtaka apambike na apate mume bora wa Kihindi. Anakwenda San Francisco katika mafunzo ya kiangazi asijue kwamba wazazi wamekwisha kupatana na wazazi wa Rishi, na Rishi, anayejua, anamsalimu kwa kumwita mke wake mtarajiwa. Dimple anamwagia kahawa baridi usoni. Anayeipenda mila humo ni mvulana, naye anaipenda kwa hiari, huku binti akiwa mkaidi. Na mama, anayeudhi mwanzo mwisho, si jahili wala si mkatili. Sisi tuliorithi wasia ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858 tunaifahamu vizuri sauti ya mama anayefunza namna ya kukaa na mume. Jawabu la binti hatukuachiwa. Riwaya hizi, hata zile nyepesi, ni jawabu la mabinti kwa mama zao, na uzuri wa Menon ni kwamba jawabu lake lina utundu bila kukosa heshima.

Jambo lililofuata lilinifurahisha. Mwaka 2020 riwaya hiyo ilifanywa mfululizo wa televisheni, Mismatched, na watengenezaji wakaihamisha kutoka California mpaka Rajasthan. Kule kila mtu ni Mhindi. Shule ni ya Kihindi, nyumbani ni Kihindi, na tamaduni mbili zilizodaiwa kuwa roho ya hadithi hazipo. Hadithi ikasimama vilevile: binti anayetaka kazi yake, mvulana anayetaka mke, wazazi wanaoharakisha.

Swali la nani ana haki ya kuichora hina ni gumu zaidi. Adiba Jaigirdar, mzaliwa wa Bangladesh anayeishi Dublin, aliandika The Henna Wars, iliyotoka mwaka 2020, ambamo Nishat, mwanafunzi wa shule ya Kikatoliki, amewakiri wazazi wake kwamba anapenda wasichana, nao wamemjibu kwa kimya. Na katika mashindano ya biashara shuleni anafungua kazi ya kuchora hina, kumbe Flávia, msichana mweusi mwenye asili ya Brazil ambaye moyo wa Nishat umemwangukia, anafungua kazi ile ile, hali hina si ya kwao. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka kidogo, kwa kuwa natoka mahali ambapo hina na piko vimepita mikononi mwa Waarabu, Wahindi, Washihiri na Waswahili pasipo mtu kuulizwa hati, na bibi harusi wa Lamu hajali ua lililo kiganjani limetoka Muscat au Surat. Kisha nikaona kwamba nimecheka kwa haraka. Kwetu hina ilipita baina ya majirani walioalikana harusini. Kule Dublin binti amedhihakiwa kwa sababu ya asili yake, na wanafunzi wale wale waliomdhihaki wanapanga mstari kununua alama ya asili hiyo kwa mtu mwingine. Kinachomwuma Nishat ni bei.

Kasoro za rafu hii nazo sharti zitajwe, ingawa sitazikalia sana. Mabinti wake wengi ni wa watu wenye nafasi, waganga na wahandisi, na wa matabaka ya juu kwa kuzaliwa. Binti wa Kidalit, yaani wa tabaka la chini kabisa, ambaye mila ya matabaka inamkataza kisima, ni nadra kupewa usimulizi. Sri Lanka haionekani inavyostahiki. Na yote haya ni Kiingereza, hali Kibengali, Kiurdu, Kitamil na Kimalayalam vina riwaya zao ambazo hazikupata kuvuka bahari.

Ziko pia riwaya za wale wasioishi Bara Hindi wala kwa wazungu. Tanaz Bhathena, katika A Girl Like That ya mwaka 2018, alimweka Zarin Wadia, yatima wa Kiparsi, katika mji wa Jeddah, baina ya wageni waliokuja kufanya kazi. Na iko moja inayotuhusu sisi moja kwa moja. Shenaaz Nanji, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Canada, alitoa mwaka 2008 Child of Dandelions, kisa cha Sabine wa miaka 15 huko Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipotoa amri Wahindi waondoke katika siku 90. Redio inahesabu siku, na Sabine anaziona zikipungua kama mtu anayefuatwa na dubwana, baba anasema sisi ni raia, hatuguswi, mama anasema tufunge mizigo, ami anatoweka, babu hataki kuiacha ardhi yake, na rafiki yake mkubwa, binti wa Kiafrika, anampa kisogo. Ukiwa msomaji wa Nairobi au Mwanza huwezi kukaa ndani ya kitabu hicho kwa starehe ya mgeni anayeonyeshwa mila za watu. Anayetakiwa kuelezwa binti huyu ni nani ni jirani yake, na jirani huyo ni wewe.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili Mhindi aghalabu amesimama nyuma ya kaunta, ana mizani, ana daftari la madeni, na bintiye, kama ametajwa, amepita kwenye roshani ya juu akaingia ndani. Hatujui anasoma nini huko juu, wala anagombana na nani, wala kama amepata kumpenda mtu wa mtaa wetu. Na hali tumekopa kwa babu zake bima, hundi, laki, gari na pesa yenyewe. Nanji alipotaka kuisimulia Kampala aliisimulia kwa Kiingereza, na sina haki ya kumlaumu. Lakini wapo leo Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam mabinti wa asili hiyo waliofanya mtihani wa Kiswahili katika madarasa yetu na kutupita alama. Nawaambia wao, kama gazeti hili litawafikia: riwaya ya binti wa roshani tunaingoja, iandikeni kwa lugha hii, na mkifika mahali pa chapati msitufafanulie.